Elekezo moja linapitaje ndani ya prosesa? Naomba mwongozo wa kuanza somo la muundo wa kompyuta

Mwanafunzi wa Mwaka wa Pili, Dodoma

Wanajukwaa, habari za jioni.

Nasoma stashahada ya teknolojia ya habari, na muhula huu tumeanza somo la muundo wa kompyuta na usanifu wa prosesa. Masomo mengine yanakwenda: programu ninaandika, hifadhidata ninaielewa. Hili moja sijapata pa kulishikia. Wiki ya kwanza tulifundishwa namba za mfumo wa jozi, wiki ya pili malango ya mantiki, wiki ya tatu tukaingia kwenye orodha ndefu ya rejista za prosesa za Intel, na wiki ya nne tukaanza habari za kache na paiplaini. Kila kipande nikikisoma peke yake nakielewa, ila sioni kinavyoshikana na kilichotangulia. Leo hii mtu akiniuliza ni kitu gani hasa kinatokea ndani ya prosesa ninapoandika a = b + c, nitamtajia majina ya vifaa, lakini mwendo wenyewe siwezi kuueleza.

Naomba kuuliza mambo matatu. Je, nianzie chini kwenye malango ya mantiki nikipanda, au nianzie juu kwenye maelekezo nikishuka? Nijifunze kwa prosesa ipi: hizi za Intel tunazofundishwa, zile za ARM zilizomo kwenye simu zetu, au RISC-V ambayo nimeanza kuisikia? La mwisho, kompyuta mpakato yangu ni ya zamani na ina RAM ya GB 4 tu. Itatosha kwa mazoezi?

Natanguliza shukrani.

---

Mkufunzi, Tanga

Mwanangu, swali lako ni zuri, na hali uliyonayo naikuta darasani kila mwaka. Niliyemfundisha akashindwa somo hili kwa kukosa akili simkumbuki. Wanaoshindwa huwa wamepewa vipande vingi kabla ya kuonyeshwa mashine moja nzima ikifanya kazi, hata kama mashine hiyo ni ndogo kiasi gani.

Ushauri wangu ni uanzie katikati, kwenye maelekezo yenyewe, kwa sababu hapo ndipo programu inapokutana na saketi. Orodha ya maelekezo ambayo prosesa inayafahamu ni kama mkataba: anayeandika kompaila, yaani programu inayogeuza ulichoandika kuwa maelekezo ya prosesa, anajua ataruhusiwa kuomba nini, na anayebuni saketi anajua ni lazima atimize nini. Ukishaushika mkataba huo, utaweza kushuka kwenye malango ya mantiki au kupanda kwenye kompaila bila kupotea.

Kwa kujifunzia, chukua RISC-V, hasa ile orodha yake ya msingi ya biti 32 iitwayo RV32I. Ilianzishwa mwaka 2010 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na maelezo yake yako wazi kwa kila mtu. Ina maelekezo takriban 40 tu, kila elekezo lina urefu wa biti 32, na rejista zake, yaani visanduku vidogo vya kushikia namba ndani ya prosesa, ni 32, kuanzia x0 hadi x31, ambapo x0 daima ni sifuri hata ukijaribu kuiandikia kitu kingine. Prosesa za Intel unazofundishwa zinatokana na 8086 ya mwaka 1978, na kwa kuwa kila kizazi kilipaswa kuendesha programu za kizazi kilichotangulia, zimebeba mzigo wa miaka yote hiyo; elekezo moja linaweza kuwa na baiti 1 au likafika baiti 15. Ni prosesa bora, lakini si mahali pa mtu kujifunzia hatua ya kwanza. ARM ingefaa zaidi kuliko Intel, ila kwa anayeanza bado RISC-V ni nyepesi.

Sasa chukua kalamu na karatasi, na kompyuta uiache kwanza. Andika programu hii, inayojumlisha 5 + 4 + 3 + 2 + 1, tukichukulia imepakiwa kuanzia anwani 0:

0: addi x5, x0, 0
4: addi x6, x0, 5
8: add x5, x5, x6
12: addi x6, x6, -1
16: bne x6, x0, -8

Anwani zinaruka nne nne kwa sababu kila elekezo lina baiti 4. Elekezo la add hujumlisha rejista mbili za mwisho na kuweka jibu katika ile iliyotajwa kwanza; addi hufanya hivyohivyo, ila cha mwisho ni namba badala ya rejista. Elekezo la mwisho linasema: ikiwa x6 si sawa na x0, yaani si sifuri, rudi nyuma baiti 8, na 16 ukiondoa 8 unatua kwenye anwani 8. Chora jedwali lenye safu tatu, moja ya anwani ya elekezo linalotekelezwa, moja ya x5 na moja ya x6, kisha wewe mwenyewe uwe prosesa. Usiruke mstari hata mmoja. Baada ya mzunguko wa kwanza x5 itakuwa 5 na x6 itakuwa 4. Baada ya wa pili 9 na 3. Kisha 12 na 2, 14 na 1, na mwisho 15 na 0. Ukihesabu, utakuta umetekeleza maelekezo 17.

Ukimaliza, lichukue elekezo la anwani 12 ulipasue. Ndani ya kumbukumbu maneno "addi x6, x6, -1" hayapo. Kilichopo ni biti hizi:

111111111111 00110 000 00110 0010011

Zisome kutoka kulia. Biti 7 za kwanza zinasema hili ni elekezo la hesabu inayotumia rejista pamoja na namba iliyoandikwa ndani ya elekezo lenyewe. Biti 5 zinazofuata, 00110, ni 6, nazo zinataja rejista ya kupokea jibu. Biti 3 za katikati zinasema hesabu yenyewe ni kujumlisha. Zinafuata 5 nyingine za rejista ya kusomwa, ambayo nayo ni x6, na zile 12 za mwisho, zote moja, ndiyo -1. Kwa nini moja kumi na mbili ziwe -1? Hilo nakuachia ulifikirie.

Elewa pia kwamba elekezo hilo limekaa katika kumbukumbu ileile inayokaa data, likiwa namba kama namba nyingine. Wazo hilo la kuhifadhi programu kama data lilielezwa katika ripoti ya John von Neumann ya mwaka 1945 kuhusu mashine ya EDVAC, na jina lake ndilo lililobaki midomoni mwa watu, ingawa J. Presper Eckert na John Mauchly walikuwa katika kazi hiyohiyo na wanastahili kutajwa naye.

Kuhusu kompyuta yako, GB 4 zinatosha kabisa. Kuna programu ya bure iitwayo Ripes, ambayo huigiza prosesa ya RISC-V na kuonyesha kila waya unabeba namba gani katika kila pigo la saa. Ifungue baada ya jedwali la karatasi, isiwe kabla.

---

Fundi wa Saketi, Dar es Salaam

Ndugu mwanafunzi, pamoja nawe Mwalimu, salaam.

Mwalimu amesema vizuri, ila mimi natofautiana naye kidogo kuhusu pa kuanzia. Mimi ni fundi wa vifaa vya elektroniki, na jambo hili halikuniingia hadi nilipoligusa kwa vidole. Mwanafunzi anaweza kulijaza jedwali lote la Mwalimu akapata 15, na bado akabaki anadhani kwamba ndani ya chipu kuna kitu "kinachojua" kujumlisha. Hakuna kinachojua chochote mle ndani. Kuna umeme unaopita au usiopita, na mpangilio wa njia zake.

Pata bodi ya majaribio yenye vitobo, ile isiyohitaji kuchomelea kwa risasi, pamoja na chipu 5 za familia ya 74: mbili za 7486 (XOR, hutoa 1 pale biti mbili zinapotofautiana), mbili za 7408 (AND, hutoa 1 zote mbili zikiwa 1) na moja ya 7432 (OR, hutoa 1 hata moja tu ikiwa 1). Kila chipu ina malango manne. Ili kujumlisha biti moja na nyingine pamoja na ile iliyobebwa kutoka kulia, unahitaji malango mawili ya XOR, mawili ya AND na moja la OR. Kwa hiyo chipu hizo tano zinakupa kikokotozi cha biti 4 barabara, bila lango hata moja kubaki. Siku nilipohesabu na kuona hakuna linalobaki nilifurahi sana, na hadi leo napenda kulieleza.

Uangalifu mmoja ni wa lazima. Mara ya kwanza nilipounga saketi hii nilitumia chipu za aina ya 74HC, na taa za LED zikawa zinawaka na kuzimika kila nilipousogeza mkono karibu na bodi, bila kugusa kitu. Nilibadilisha chipu, nikabadilisha waya, nikapoteza siku mbili. Kosa lilikuwa kwamba swichi zangu zilipokuwa wazi, pini za kuingizia hazikuwa zimeungwa popote. Pini isiyoungwa popote haisomeki kama sifuri. Inaelea, na inaweza kusomeka vyovyote kulingana na umeme mdogo uliopo hewani au mwilini mwako. Kwa chipu hizo za 74HC, weka resista ya kilo-omu 10 kutoka kila pini ya kuingizia kwenda upande wa hasi, na tatizo litaisha. Hapo utaelewa pia kwamba sifuri ni volti halisi inayopaswa kushikiliwa mahali pake, haitokei tu kwa kukosekana kwa umeme.

Saketi ikitulia, ingiza 0101 upande mmoja, yaani 5, na 1111 upande wa pili. Taa zitaonyesha 0100, yaani 4, na ile biti ya tano iliyobebwa itadondokea nje, haina pa kukaa. Umejumlisha 5 na moja nne, ukapata 4. Hili ndilo jibu la fumbo la Mwalimu: katika nafasi yenye mipaka, namba yenye moja tupu ndiyo ile ambayo ukiiongezea 1 inarudi sifuri, na kitu kinachofanya hivyo ni -1. Hakuna saketi ya pekee ya kutoa. Elekezo la anwani 12 linafanya hivihivi, tofauti ni kwamba lina biti 32 badala ya 4.

Zingatia jambo jingine: ile biti inayobebwa hutoka kundi la malango la kulia kabisa, ikapita la pili, la tatu, hadi la nne, na kila kundi linaichelewesha kidogo. Jibu la kushoto kabisa haliaminiki hadi mbebo ufike. Ndiyo sababu prosesa ina saa: saketi yote husubiri pigo linalofuata ili kila mbebo uwe umeshatulia.

Kama fedha za chipu hazipo, Logisim, programu ya kuchora na kujaribu saketi kwenye kompyuta, itakufaa, nayo ni ya bure. Lakini pini inayoelea hutaifahamu kwa namna ileile.

---

Mwandishi wa Programu, Nairobi

Hamjambo nyote. Mimi huandika programu kwa lugha ya C, na ningependa kuongezea upande wa kumbukumbu, kwa kuwa mwanafunzi ametaja kache na hakuna aliyeigusa.

Kwanza tutenganishe maneno. Huku kwetu, na nadhani hata huko, mtu husema "memori ya simu imejaa" akimaanisha picha na video zimejaza hifadhi. Katika somo hili kumbukumbu ni RAM, mahali ambapo maelekezo na data hukaa wakati tarakilishi inafanya kazi, na ambapo hupotea umeme ukikatika. Nimewaona wanafunzi wazuri wakichanganyikiwa mihula miwili kwa neno hilo moja.

Sasa, tatizo kubwa la tarakilishi ya leo ni kwamba prosesa ina kasi kuliko RAM yake. Kusoma rejista hutokea ndani ya pigo lenyewe la saa. Kuisoma kache iliyo karibu zaidi huchukua mapigo machache. Kwenda hadi RAM na kurudi kunaweza kuchukua mapigo mia moja, mia mbili, hata zaidi, na muda huo wote elekezo lililoomba data limesimama likisubiri. Kache ni kumbukumbu ndogo iliyowekwa ndani ya chipu ileile ya prosesa ili safari hizo zipungue.

Fanya jaribio hili kwenye mashine yako ya GB 4. Andika kwa C jedwali la namba za baiti 4 lenye mistari 4,096 na safu 4,096. Litachukua MB 64, zaidi ya kache ya mashine kama hiyo inavyoweza kubeba. Lijumlishe mara mbili. Mara ya kwanza pita mstari kwa mstari, mara ya pili pita safu kwa safu, na upime muda wa kila moja. Hesabu ni ileile, jibu ni lilelile, idadi ya kujumlisha ni ileile, lakini mara ya pili utasubiri mara kadhaa zaidi.

Sababu yake ni hii. Prosesa nyingi za Intel na AMD haziagizi baiti moja moja kutoka RAM. Huleta kifurushi cha baiti 64 kwa mkupuo. Lugha ya C hupanga jedwali mstari kwa mstari, kwa hiyo ukipita kwa mstari, kifurushi kimoja kinakuhudumia namba 16 kabla hujahitaji kingine. Ukipita kwa safu, kila hatua inaruka baiti 16,384, kwa hiyo unaagiza kifurushi kizima, unatumia namba moja, na ukirudi kuzihitaji zile 15 nyingine unakuta mara nyingi zimeshaondolewa kupisha vifurushi vingine.

Nashauri ulifanye jaribio hili mapema, hata kabla ya kusoma aina za kache na namna zinavyopangwa. Ukishaona sekunde zako mwenyewe zikipotea, sura ile ya kitabu itasomeka.

---

Mwanafunzi wa Mwaka wa Pili, Dodoma

Shikamoo Mwalimu. Kaka fundi na ndugu wa Nairobi, nawashukuru sana.

Nimefanya jedwali la karatasi mara tatu hadi likatoka bila kosa, na nimejenga kikokotozi cha biti 4 ndani ya Logisim. Chipu nitazitafuta nikipata nafasi ya kufika Dar. Jaribio la jedwali la MB 64 nimelifanya pia, na tofauti niliiona waziwazi bila hata kuhitaji kipimo cha makini.

Sasa nimekwama kwenye paiplaini. Tumefundishwa kwamba elekezo hugawanywa katika hatua tano: kusoma elekezo, kusoma rejista, kufanya hesabu, kufika kwenye kumbukumbu, na kuandika jibu, na kwamba elekezo linalofuata huanza kabla lililotangulia halijamaliza. Nimeichukua programu ileile ya Mwalimu nikahesabu mapigo ya saa kwa mkono. Katika prosesa rahisi, inayomaliza elekezo moja kwa pigo moja, nilipata mapigo 17. Katika yenye paiplaini, nikichukulia kwamba bne inaamuliwa katika hatua ya tatu na kwamba kila inaporuka maelekezo mawili yaliyokwisha kuingia hutupwa, nilipata 29: yale 17, manne ya elekezo la mwisho kumalizia safari yake, na mawili kwa kila mruko kati ya mine. Nimerudia hesabu na siioni kasoro. Iweje basi tuambiwe kwamba paiplaini huongeza kasi?

---

Mkufunzi, Tanga

Marahaba, mwanangu. Hesabu yako ni sahihi, 29 ni 29. Ulichokosea ni kudhani kwamba pigo la prosesa ya kwanza na pigo la prosesa ya pili yana urefu mmoja.

Kumbuka maneno ya fundi, kwamba saa husubiri mbebo utulie. Katika prosesa rahisi, pigo moja lazima liwe refu kiasi cha kulitosha elekezo refu kuliko yote, lile linalosoma kumbukumbu, kwa kuwa hupita hatua zote tano. Tuchukue mfano: kusoma elekezo pikosekunde 250 (pikosekunde ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde), kusoma rejista 150, kufanya hesabu 200, kufika kwenye kumbukumbu 250, kuandika jibu 150. Jumla ni 1,000, na kila elekezo litasubiri muda huo hata kama halihitaji kumbukumbu. Mapigo yako 17 ni pikosekunde 17,000. Katika paiplaini, pigo linahitaji kuitosha hatua moja tu, ile ndefu zaidi, yaani 250. Mapigo 29 ni pikosekunde 7,250.

Angalia pia kwamba elekezo moja likiwa peke yake limechelewa: hatua tano za 250 ni 1,250, zaidi ya ile 1,000 ya mwanzo. Umewahi kuwaona vibarua wakimwaga zege la ghorofa, wamejipanga kwenye ngazi wakipitishana karai? Karai moja ikipita mikono mitano inafika juu ikiwa imechelewa kuliko ingebebwa na mtu mmoja anayekwenda haraka. Lakini wakishashika mwendo, kila anayepokea akigeuka hukuta karai nyingine, na zege linamwagika mfululizo.

Sasa ongeza ukubwa. Badala ya kuanza na 5, anza na 1,000. Maelekezo yatakuwa 3,002 na miruko 999. Prosesa rahisi itatumia pikosekunde 3,002,000. Paiplaini itatumia mapigo 3,002 na 4 na 1,998, yaani 5,004, ambayo ni pikosekunde 1,251,000. Pigo limefupishwa mara nne, lakini kasi imeongezeka kwa takriban mara 2.4 tu, kilichobaki kimeliwa na yale maelekezo mawili yanayotupwa kila bne inaporuka.

Hapo ndipo wabunifu walipoona haja ya kubashiri. Tuseme prosesa haisubiri hatua ya tatu. Mara tu inapolisoma elekezo inajua anwani ya kurukia, na inachukulia kwamba bne inayorudi nyuma itaruka. Katika programu yako itapatia mara 999 mfululizo na kukosea mara moja, mwishoni kabisa, wakati hesabu imekwisha. Chora jedwali la mapigo kwa hali hiyo. Ukipata 3,006, ambayo ni pikosekunde 751,500, utakuwa umelipatia, kisha uje tuzungumzie linalotokea pale elekezo linapohitaji namba ambayo bado inasubiriwa kutoka kwenye kumbukumbu.